Bibi Anasema

Nyumbani, 3 Februari

Kwako Mjomba,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo. Mama amepata zamu za asubuhi pale kiwandani, kwa hiyo siku hizi tunamwona akiwa macho. Bomba la jikoni bado linavuja. Ndoo uliyoiweka chini yake kabla hujaondoka iko palepale, na Mama amesema asiiguse mtu mpaka fundi arudi. Fundi ni wewe.

Mimi nimeingia kidato cha tatu. Bado sinyooshi mkono darasani hata nikiwa na jibu, lakini wiki iliyopita nililazimishwa kusimama. Mwalimu wa jiografia alisema, "Kumbe mjomba wako ndiye yule wa posta ya Mwambani? Simama tukuone." Nikasimama, nikatamani ardhi inimeze. Akaeleza kwamba Jirani, ile nchi kubwa iliyo ng'ambo ya bahari yetu, anadai Mwamba ni wake. Halafu akaeleza kwamba Rafiki, ile nchi kubwa nyingine, ametuletea wanasheria wake, nao wanasema mahali penye ofisi ya posta ni mahali panapokaliwa na watu, hapawezi kuitwa jiwe tu. Ndiyo maana serikali ikafungua posta ndani ya meli mbovu iliyokwama hapo, ikakutuma wewe na muhuri wako. "Kila barua inayokwenda na kurudi ni ushahidi," akasema.

Msichana wa dawati la nyuma akauliza, "Hata ya mapenzi, mwalimu?" Darasa zima likavunjika mbavu. Nilimshukuru moyoni, maana waliacha kuniangalia.

Baadaye nilikwenda maktaba kuutafuta Mwamba. Tuna atlasi mbili, moja zawadi ya Jirani na nyingine zawadi ya Rafiki. Kila moja inauita jina lake. Jina letu halimo hata katika moja.

Mjomba, utarudi lini? Ulituambia ni miezi mitatu. Bibi haulizi, lakini kila lango likilia anageuza shingo.

Najua barua za Mwambani zinafunguliwa, na nyingine zinasomwa redioni kila Ijumaa jioni ili dunia isikie. Basi atakayeisoma hii namwomba aruke habari ya bomba.

Bibi ameketi hapa pembeni anataka mstari wake kama kawaida. Nauandika alivyousema, sijaongeza wala kupunguza.

Bibi anasema: Umezungukwa na maji pande zote, kwa hiyo huna kisingizio cha kutooga. Na hizo ndevu nikizikuta siku ya kurudi, hulali kwangu.

Mimi mpwa wako, karani wa Bibi


Ofisi ya Posta, Mwambani, 1 Machi

Karani wangu,

Hujambo wewe, hajambo dada yangu, hajambo Mama? Mimi mzima. Barua yako ilikuja na mashua ya chakula, imelowa chapachapa, nikaianika karibu na jiko mpaka ikakubali kusomeka.

Posta yangu zamani ilikuwa stoo ya rangi. Kaunta ni meza iliyovunjika miguu miwili, nimeiegemeza ukutani. Kutu inadondoka kutoka juu kama unga, kwa hiyo muhuri naulaza ndani ya soksi. Kila asubuhi nazungusha tarehe na kuugonga mara moja kwenye karatasi chakavu, hata kama hakuna barua, ili siku isipite bila kugongwa. Wanajeshi wananicheka. "Posta, leo umehudumia wateja wangapi?" Nawajibu, "Alikuja samaki mmoja, lakini hakujua anwani."

Meli ya Jirani inatuzunguka kutwa, karibu kiasi kwamba tunaona fulana zao kwenye kamba. Ya Rafiki imekaa mbali, inapiga picha. Mpishi wetu anasema sisi ni kama binti anayegombewa na wanaume wawili, na hakuna aliyemuuliza hata jina. Jirani hutupigia kelele kwa kipaza sauti, tena kwa lugha yetu: "Ondokeni, hapa ni kwetu!" Jana mpishi alitoka na sufuria mkononi akamjibu, "Kama ni kwenu, njoo uoshe vyombo!" Hata wale wa upande wa pili nadhani walicheka, maana kipaza sauti kilinyamaza kidogo.

Mashua ya chakula ilifika vioo vyake vya mbele vikiwa vimevunjika. Sitaki kuandika ilikuwaje. Chakula kipo.

Kuhusu kurudi: tumeambiwa mwezi wa tano kutakuwa na mashua ya kubadilishana watu, na kwa zamu nafasi ni yangu. Usimtajie Mama mwezi, atahamia mlangoni.

Mwambie nimeoga. Kuhusu ndevu, mwambie upepo ulikuwa mkali, sikusikia vizuri.

Mjomba wako, Posta


Nyumbani, 9 Aprili
(Hii sikuituma.)

Mjomba,

Bibi ameanguka. Alikuwa anaanua nguo. Nilisikia beseni likibingirika nikadhani ni paka. Nilipotoka nilimkuta chini, shuka limemfunika nusu ya uso kama mtu anayecheza.

Daktari anasema ni kiharusi. Upande wa kulia umelala wote. Macho yake yanatujua, lakini maneno hayatoki. Daktari alimwambia Mama kwenye korido, mimi nikiwa nimeshika viatu vya Bibi, kwamba kikimpata cha pili hatainuka.

Tuliporudi nyumbani nilichukua kalamu. Mama akaniuliza, "Unamwandikia nani?"

"Mjomba."

"Usimwandikie habari hizi."

"Lakini ni mama yake."

"Kwani si mama yangu pia?" Alikaa juu ya ndoo nyingine iliyogeuzwa, bado amevaa sare ya kiwandani. "Barua zinafunguliwa. Unataka Ijumaa nchi nzima isikie? Unataka Jirani ashike kipaza sauti amwambie Mjomba wako, 'Mama yako anakufa, huku wewe umekalia jiwe'? Namjua kaka yangu. Atajitupa majini yule. Mwezi wa tano anarudi, na Bibi yako atamsubiri. Jikaze."

"Na mstari wa Bibi je?"

Mama aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Wewe si ndiye karani?"


Nyumbani, 10 Aprili

Kwako Mjomba,

Salamu nyingi. Sisi sote wazima. Mvua zimeanza, na bomba linashindana nazo. Kwenye insha nimekuwa wa kwanza, mwalimu akataka niisome mbele ya darasa, nikamwambia koo linaniuma. Mama anakusalimu. Barua hii ni fupi kwa sababu ya mitihani.

Bibi anasema: Mwanangu, usiwe na haraka ya kurudi. Sisi tuko salama, na mimi nina nguvu tele. Mungu akutie moyo katika kulitumikia taifa.

Mpwa wako


Ofisi ya Posta, Mwambani, 22 Mei

Karani wangu,

Nakusalimu kwa penseli, wino umekauka. Hongera kwa insha. Koo lako hilo nalifahamu, lilianza kukuuma ukiwa na miaka minne, siku ulipotakiwa kumwimbia mgeni.

Najua mlikuwa mnanitazamia mwezi huu. Nina habari, na nakuomba umsomee Mama polepole.

Mashua ilifika. Ilikuja moja badala ya mbili, na ilikuwa na nafasi moja tu ya kurudi. Nilikwishafunga mfuko wangu. Lakini mpishi wetu, yule wa sufuria, miguu imemvimba hadi viatu havimwingii, na mkewe yuko karibu kujifungua. Hakuomba. Alikaa tu kwenye ngazi akiangalia mashua. Nikatoa barua yako mfukoni, nikausoma tena mstari wa Mama: usiwe na haraka, nina nguvu tele. Kwanza nilicheka. Nikajiambia, leo Mama kanionea huruma, ama kweli anazeeka. Kisha nikamwambia mpishi, "Panda." Akaniuliza, "Na mama yako?" Nikamjibu, "Mwenyewe ameniruhusu, soma hapa." Alilia kama mtoto, nikamtania kwamba analilia sufuria zake.

Basi mniwie radhi. Mashua ijayo itanichukua mimi. Mwambie Mama nimefanya kama alivyosema, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mjomba wako, Posta


Nyumbani, 14 Juni

Kwako Mjomba,

Redio imesema mashua haziendi tena Mwambani, na kwamba barua zenu zote zitasomwa hewani Ijumaa ili mzisikie. Kwa hiyo hii naipeleka mwenyewe kituoni. Mama ameniruhusu.

Bomba bado linavuja. Leo hata hilo wakilisoma sijali.

Mjomba, mstari wa mwezi wa nne haukuwa wa Bibi. Niliutunga mimi. Bibi alipata kiharusi siku mbili kabla, na tangu hapo hajasema neno. Hakukuambia usiwe na haraka. Angeweza kusema, angekuambia uje. Niliogopa kukutia hofu, sikujua kama kuna mtu atapanda mashua kwa ajili ya maneno yangu. Daktari amekuja tena jana, na safari hii hakutaka chai. Omba ruhusa kwa mkubwa wako. Mwambie ni mama mzazi.

Bibi hasemi kitu. Mimi nasema: Rudi.

Mpwa wako


Nyumbani, 19 Juni
(Hii sina pa kuituma.)

Mjomba,

Kituoni nilipokewa na yule mtangazaji mwenye sauti ya asali. Kumbe ni mfupi kama mimi, na anakunywa maji ya moto kwenye kikopo cha plastiki. Alisoma barua yangu akiwa amesimama. Alipomaliza alinishika bega.

"Umeandika vizuri, binti. Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Pole sana kwa Bibi. Tutafupisha kidogo, maana muda wenyewe unaujua."

Nikasema, "Naomba msifupishe mwisho." Nilisema kwa nguvu hata mzee wa mlangoni akageuka. Sijawahi kupaza sauti mbele ya mtu nisiyemjua.

"Usijali," akasema. "Nenda nyumbani ukasikilize."

Jana jioni tulikiegemeza kichwa cha Bibi kwa mito, tukaweka redio kwenye kiti chake. Mtangazaji alisoma habari ya bomba na kucheka kidogo, kicheko kizuri. Kisha akasema, "Na kama kawaida, Bibi ana mstari wake. Bibi anasema: Simama imara, mwanangu, kama Mwamba wenyewe. Taifa zima liko nyuma yako." Wakapiga muziki wa tarumbeta.

Mama alitoka nje akafunga mlango. Bibi aliitazama redio, kisha akanitazama mimi. Sijui alikuwa anacheka au analia. Uso wake unaweza upande mmoja tu.

Nilitaka kumkasirikia mtangazaji, nikashindwa. Nilikumbuka nani alikuwa wa kwanza kumwekea Bibi maneno mdomoni.


Ofisi ya Posta, Mwambani, 21 Juni

Karani wangu,

Hujambo. Sijui hii itaondoka lini, naiweka kwenye mfuko pamoja na nyingine.

Ijumaa tulikusanyika kwenye redio. Waliposoma habari ya bomba, wanajeshi walinipiga mgongoni. "Fundi wa maji huyo, kazungukwa na maji!" Ukafika mstari wa Mama. Wenzangu wakashangilia. Mimi nilirudi posta.

Mama yangu hajaniambia nisimame imara hata siku moja. Nilipopata kazi alisema suruali yangu ni fupi. Nilipofiwa na mke wangu alinipikia, akanikemea kwa kuacha nusu ya sahani, na ndivyo nilivyojua ananililia. Nikatoa barua zako zote nikazipanga juu ya kaunta. Februari yumo, namsikia mpaka anavyovuta pumzi. Aprili hayumo. Ule mwandiko ni wako, na maneno ni yako, mtoto wa vitabu wewe. Hapo nikajua Mama anaumwa, nikakaa chini.

Sikulaumu. Nami nilikuwa nakuficha mambo. Vile vioo vya mashua vilivunjwa na maji ya nguvu yaliyorushwa na meli ya Jirani, na kijana mmoja alipoteza jicho. Tunakula mchele mtupu tangu mwezi wa nne. Fizi zinanitoka damu, na nikipanda ngazi napumzika katikati. Wewe ulinifunika blanketi, na mimi nikakufunika lako, sote tukawa hatuoni. Lakini wewe uliandika kwa kunihurumia mimi. Wale wa redio waliandika kwa kulihurumia jiwe.

Nimekwenda kwa mkubwa wangu kuomba ruhusa. Amesema, "Posta, hata mimi mama yangu yuko." Akanionyesha bahari kwa kidole. Meli ya Jirani huku, ya Rafiki kule, na katikati hapana hata mtumbwi.

Kaa karibu naye. Mwambie sikumtii, nilidanganywa na mtu mwenye mapenzi mengi. Mwambie ndevu zimefika kifuani, akasirike kidogo, hasira humpa nguvu. Mwambie nakuja.

Mjomba wako


Nyumbani, 16 Agosti

Kwa Mjomba, Hospitali ya Bandari, wodi ya wanaume

Salamu zetu zikufikie kitandani. Mama hajambo. Mimi sijambo. Tumeambiwa hakuna ruhusa ya kukuona mpaka wamalize kuwahoji, lakini barua zinaingia.

Labda huko hamkuelezwa vizuri. Wakubwa wawili walikutana katika nchi ya tatu, wakapeana mikono. Mwamba umebaki chini ya uangalizi wa Jirani, ndiyo maana mkaondolewa, na Rafiki amepata bandari aliyokuwa anaitaka kwingine. Redio ilisema ni makubaliano ya busara. Kwenye picha ya gazeti waziri wetu alikuwa pembeni kabisa, anapiga makofi, nusu ya bega lake imekatwa. Mwalimu wa jiografia alikuja darasani, akasimama mbele ya ramani, akatuambia tusome kimyakimya.

Jana postamani alileta bahasha mbili. Moja ilikuwa barua yangu ya tarehe 14 Juni. Kumbe baada ya kuisoma walivyotaka wao, kituo kiliituma Mwambani kwa njia ya kawaida. Imerudi na muhuri mwekundu: OFISI HIYO HAIPO. Nimeitia ndani ya bahasha hii uisome. Nyingine ilikuwa yako ya tarehe 21, kutoka kwenye mfuko mliorudi nao.

Ndiyo nikaona tarehe, Mjomba. Bibi alifariki Jumapili, tarehe 20. Ulipoandika nimwambie unakuja, tulikuwa tumetoka kumzika asubuhi hiyo. Siku aliyofariki ilikuwa mchana, Mama anamchana nywele, lango likalia kwa upepo. Akageuza shingo, upande ule mmoja unaoweza. Kisha hakuirudisha.

Nilikwenda nikamsomea barua yako pale alipolala, sauti ikanitoka vizuri tu, hata watu wa kaburi la jirani walisikia. Sikuona aibu. Nilimsomea na ya ndevu.

Mjomba, kama nisingeandika ule mstari ungekuwepo. Mama anasema ni yeye aliyenituma, na kila siku tunabishana ni nani kati yetu.

Sasa nimeketi mezani, kiti chake kiko pembeni. Nimeandika yale maneno mawili ya mwanzo kama kawaida, nimesubiri. Sitaki tena kuongeza wala kupunguza.

Bibi anasema:

Mpwa wako


Hospitali ya Bandari, 20 Agosti

Karani wangu,

Hujambo wewe, hajambo dada yangu. Nilitaka kuuliza la tatu kama kawaida, mkono ukasimama.

Nesi ndiye aliyenisomea barua yako, macho yangu bado yanachoka. Alipofika mwisho akasema, "Huyu mtoto amesahau kumalizia." Nikamwambia hajasahau. Akaniachia karatasi akaenda kwa wagonjwa wengine, nadhani hakutaka kunitazama.

Acheni kubishana, wewe na mama yako. Mpishi alikuja dirishani juzi. Anatembea. Mtoto wao ni wa kike, analia kama kipaza sauti cha Jirani. Hata ningejua yote siku ile, sijui kama ningeweza kumwacha pale kwenye ngazi. Labda ningeweza. Sitajua, wala nyinyi hamtajua, basi tulibebe hivyo sote watatu.

Muhuri waliuchukua kwenye meli ya Jirani. Kijana wao aliuzungusha tarehe akacheka, akautia mfukoni. Soksi walinirudishia.

Nimekaa na ule mstari wako mtupu tangu jana. Mchana mzima haukusema kitu. Leo asubuhi nilijiona kwenye kioo cha bafuni, na hapo nikamsikia waziwazi. Aliniuliza ninathubutuje kumjia hivi.

Nikaazima wembe kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nimejikata pawili.

Wanatutoa Jumamosi ijayo. Ndoo ya jikoni iacheni palepale, bomba nitalishika Jumapili. Njoo unipokee kituo cha basi, twende kwake kwanza kabla ya nyumbani. Nawe usimwambie lolote. Nitamwambia mwenyewe kwamba nimenyoa.

Mjomba wako